Kitufe Chekundu cha Mashine ya Miwa

Pius Mkalapa alizaliwa Masasi, kwenye mikorosho, na ufundi wake aliupata kwenye karakana ya misheni kwa bruda mmoja mzee aliyekuwa akitengeneza mota za mashine za kusaga. Bruda yule hakuwa na maneno mengi. Jambo moja tu alilirudia mpaka likamkaa Pius kichwani: ukiunda mashine, jaribu kwanza namna ya kuizima, ndipo ujaribu kuiwasha.

Huku Dar alikuwa fundi wa duka la Azzan, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, kwa miaka kumi na moja. Kwa mbele duka halikuwa pana kuliko chumba cha kulala, lakini nyuma yake kulikuwa na ua uliofunikwa mabati, na humo makuli walishusha makasha ya mbao yenye mashine za kusaga karanga, za kukata viazi, za kukamua miwa. Zilikuja vipande vipande. Pius aliziunga, akazijaribu, akamwelekeza mnunuzi, kisha mashine ikapakiwa kwenye guta na kwenda zake mitaani.

Azzan alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye miwani aliyoifuta kila alipopatwa na jambo. Babu yake alitoka Arabuni. Yeye mwenyewe alizaliwa Kariakoo, nyumba ya tatu kutoka dukani, na hakuna aliyemzidi kwa maneno ya mtaani. Scholastika, mke wa Pius, alipougua tumbo la uzazi, Azzan ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake na kukaa naye kwenye benchi mpaka akapata kitanda. Pius alimpenda. Hilo ni vizuri lisemwe mapema, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki.

Zamani mashine za miwa zilikuwa za kuzungusha kwa mkono. Miaka mitatu iliyopita zikaja za umeme: mota chini, rola tatu za chuma juu, na mbele, kwenye kibati cha njano, kitufe chekundu kikubwa kama kizibo cha dumu. Wanunuzi walikipenda. Walikibonyeza hata kabla mashine haijaungwa, wakisema hizi sasa ni mashine za kisasa.

Siku alipounga ya kwanza, Pius aliiwasha kwa swichi ya pembeni, rola zikaanza kuzunguka. Akakibonyeza kitufe. Kikaingia ndani kwa mlio mzuri, *tak*, na rola zikaendelea kuzunguka. Akabonyeza tena. Akakipiga kwa kiganja. Akazima kwa swichi, akafungua kibati kwa bisibisi, akachungulia.

Nyuma ya kitufe hapakuwa na kitu. Kulikuwa na skrubu mbili za shaba, safi, hazijawahi kuguswa na waya.

Akafungua ya pili. Akafungua ya tatu. Akaenda mbele dukani.

"Bosi, kile kitufe hakizimi."

"Kibovu?"

"Si kibovu. Hakijaungwa na chochote. Kimepachikwa tu."

Azzan akaja uani, akakibonyeza kwa kidole chake mwenyewe mara nne, tano, huku mashine inanguruma. Jioni hiyohiyo akawaandikia watu wa kiwandani kwa simu. Kesho yake akamwita Pius, akamsomea jibu huku anafuta miwani.

"Wanasema mashine hii haikutengenezwa na waya wa kitufe. Yenye waya ni nyingine. Hii imewekewa kitufe kwa sababu bila kitufe haipiti bandarini."

"Sasa kitufe bila waya kinapita vipi?"

"Mkaguzi anaangalia kama kipo, Pius. Haangalii kama kinafanya kazi." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Wewe unaweza kukiunga?"

"Naweza. Waya kidogo tu, na nusu saa kila mashine."

"Basi unga."

Kwa miezi minne Pius akaunga. Hakuna mashine iliyotoka ua ule na kitufe cha uongo. Kila mnunuzi alipokuja kuchukua mzigo wake, Pius aliiwasha, akakipiga kitufe, rola zikasimama papo hapo, na mnunuzi akaguna kwa kuridhika. Scholastika anasema miezi ile mumewe alikuwa akirudi nyumbani anapiga mluzi.

Kisha malalamiko yakaanza. Kitufe kilikuwa mbele, upande wanaosimama wateja, na mitaa ya Kariakoo haina nafasi. Mtu anapita na furushi kichwani, kiuno chake kinakigusa. Mtoto mgongoni mwa mama yake ananyoosha mkono. Mashine inazimika muwa ukiwa katikati ya rola, unakwama, mwuzaji anahangaika kuuchomoa huku wateja wanaondoka. "Fundi, mashine yako inazimazima," walimwambia Pius. Wengine hawakusema, walizirudisha tu. Duka la jirani liliuza mashine ileile, na kitufe chake hakikuwa na waya, na hakuna aliyerudisha hata moja.

Azzan alivumilia mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne iliporudi, akaja uani.

"Toa zile waya."

Pius akadhani hakusikia vizuri. "Bosi, zile waya ndizo..."

"Najua ni nini. Wewe unadhani sijui? Lakini watu hawataki kitufe kinachozima. Wanataka kitufe." Akafuta miwani. "Nimeongea na wakili. Tutawaandikisha karatasi. Anasema karatasi inatosha."

"Inatosha kufanya nini?"

Azzan akageuka, akarudi mbele dukani.

Pius angeweza kukataa. Alikuja kujiambia hivyo mara nyingi baadaye. Lakini alikuwa ameshamzoea Azzan kama kaka, tena kwenye ua kulikuwa na mashine tisa zinazosubiri, na watu nje wanasubiri kupakia. Alichukua koleo, akakata waya za mashine zote tisa kabla ya adhuhuri. Hakuzing'oa. Alizikata, akazifunga ncha kwa utepe wa umeme, akazikunja nyuma ya kibati, akijiambia kuwa labda siku moja ataambiwa aziunge tena na kazi itakuwa rahisi.

Karatasi ililetwa na wakili mwenyewe, Theophil, kijana nadhifu mwenye ofisi yake Upanga. Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Mnunuzi alithibitisha kwamba ameelekezwa matumizi salama ya mashine, ameonyeshwa vifaa vyake vyote vya usalama, na kwamba madhara yoyote yatakayotokea baada ya hapo ni juu yake. Chini yake aliweka saini na dole gumba. Chini zaidi kulikuwa na mstari wa fundi aliyemwelekeza, na hapo Pius alitia saini kila mara.

Moja ya zile mashine tisa ilinunuliwa na mwanamke mmoja aitwaye Hajira.

Hajira alitoka Tandahimba. Alikuwa na miaka thelathini na nne, na kwa miaka mingi alikuwa akiuza mitumba ya watoto soko la Mchikichini, akibeba mabelo mpaka mgongo ukakataa. Aliambiwa na daktari aache kubeba, ndipo akaamua kuuza juisi ya miwa palepale sokoni. Alipomsikia Pius anavyotamka maneno, akamuuliza ni mtu wa wapi, na mara wakawa wanataniana, Mmakonde na Mmakua, kila mmoja akimwambia mwenzake, babu yako alikuwa mtumwa wa babu yangu.

Pius alimwonyesha namna ya kupitisha muwa, namna ya kusafisha rola, namna ya kupaka grisi. Hajira alisikiliza vizuri kuliko wanunuzi wengi. Kisha akauliza swali ambalo wengine hawakuwa wakiuliza, maana walidhani wanajua jibu.

"Na hiki chekundu ni cha nini, fundi?"

Pius akatupa jicho upande wa dukani, ambako Azzan alikuwa amekaa. "Cha kuzimia."

"Yaani nikikibonyeza inasimama?"

"Wewe tumia hii swichi ya pembeni," Pius alisema. "Hii ndiyo ya uhakika."

Hajira akacheka. "Basi hicho ni pambo!"

Pius naye akacheka. Hajira akasaini, akachovya dole gumba la kulia kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Pius akaweka saini yake chini. Guta likaondoka na mashine.

Miezi mitano ikapita. Ikaingia Ramadhani. Mwezi huo juisi ya miwa inauzika jioni tu, watu wakinunua ya kufuturu, na saa moja kabla ya magharibi foleni ya mbele ya meza ya Hajira ilikuwa ndefu. Alikuwa na haraka. Muwa mmoja wenye kifundo ulikataa kupita, akausukuma, na mkono wa baibui ukashikwa na rola.

Yaliyotokea yalisimuliwa na Shomari, mwuza viatu vya mitumba aliyekuwa meza ya pili. Alisema Hajira hakupiga kelele mwanzoni. Alinyoosha mkono wa kushoto, akakipiga kile kitufe chekundu. Akakipiga tena. "Alikipiga kama mtu anayegonga mlango na anajua wenye nyumba wamo ndani," alisema Shomari. Swichi ya pembeni ilikuwa upande uleule wa mkono ulionaswa, chini, haifikiki. Shomari aliruka meza yake, akafuata waya wa umeme mpaka kwenye kibanda ulikochomekwa, akaung'oa. Rola zikasimama. Zilikuwa zimeshapita kifundo cha mkono.

Hospitali walijitahidi siku mbili. Siku ya tatu wakaukata chini kidogo ya kiwiko.

Shomari ndiye aliyeleta habari Narung'ombe. Alisimama katikati ya duka, viatu mkononi, akauliza ni nani fundi wa hapa. Pius akatoka uani.

"Kitufe chenu kina kazi gani?" Shomari aliuliza.

"Kitufe kipi?" Pius alisema, ingawa alishajua.

Azzan alisikia yote. Siku hiyohiyo alifunga duka mapema, akapakia matunda na shuka mpya, akaenda wodini. Alikaa na Hajira mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Nimemwambia nitamsaidia, Pius. Nimemwambia hatakuwa peke yake."

Kesho yake Theophil akaja. Yeye na Azzan walikaa ndani kwa muda mrefu mlango umefungwa. Baada ya hapo Azzan hakwenda tena hospitali. Pius alipomuuliza, alijibu akiangalia barabarani. "Wakili anasema ukimpelekea hata chungwa, umekubali kosa."

Hajira alipotoka wodini, watu wa msaada wa kisheria walimwandikia malalamiko, na shauri likapelekwa kwenye ofisi moja ya usuluhishi. Pius akaitwa shahidi. Asubuhi ya siku yenyewe, Scholastika alimwekea chai mezani akakaa mbele yake.

"Baba Beno, utasema nini?"

"Nitasema ilivyokuwa."

"Yote?"

"Yote."

"Ukisema yote, kazi hakuna."

"Najua."

Scholastika akainuka. "Basi vaa lile shati la bluu. Hilo lina kola nzuri."

Chumba cha usuluhishi kilikuwa ghorofa ya tatu, chenye meza ndefu na feni iliyolia. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Hajira alikaa na mwanasheria wake, msichana aliyekuwa akifunua makaratasi kwa wasiwasi. Mkono wa kulia wa gauni la Hajira ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini. Azzan alikaa ng'ambo ya meza na Theophil. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Theophil alianza kwa kuitoa karatasi. Akaisoma polepole, kila neno. Mwenyekiti akaichukua, akaisogeza mbele ya Hajira.

"Mama, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hili dole?"

Hajira aliitazama karatasi kwa muda. Alama ya wino ilikuwa safi, mistari yote inaonekana.

"Lilikuwa langu," alisema.

Feni ikalia. Mwenyekiti aliinamisha kichwa akaandika, na aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe lilivyohitaji.

Pius akaitwa. Akasema yote: skrubu za shaba, jibu la kiwandani, waya alizounga, mashine zilizorudishwa, amri ya kukata, karatasi. Alisema bila kumtazama Azzan. Alipomaliza alihisi mwili umekuwa mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo, na akamwona yule mwanasheria msichana anaandika kwa kasi huku amechangamka. Kwa dakika chache Pius aliamini kwamba amemsaidia Hajira.

Theophil akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Shahidi, mashine hii ilipofika kutoka kiwandani, kitufe kilikuwa na waya?"

"Hakikuwa nazo."

"Aliyeziweka ni nani?"

"Ni mimi."

"Aliyezikata?"

"Ni mimi, kwa amri ya..."

"Nauliza mikono, shahidi. Ilikuwa mikono ya nani?"

"Yangu."

"Una leseni ya kazi za umeme?"

"Sina. Nilijifunza misheni."

Theophil akainua kijitabu chembamba. Pius alikijua: kilikuja ndani ya kila kasha, maandishi madogo ya Kiingereza, na uani walikuwa wakikitumia kuwashia jiko la mkaa. Theophil akafungua kurasa za mwisho, akatafsiri kwa Kiswahili kizuri. Mtu yeyote asiyeidhinishwa akigusa mfumo wa umeme wa mashine, kiwanda na mwuzaji hawatawajibika tena. Kisha akaweka picha mezani. Zilionyesha nyuma ya kibati cha mashine ya Hajira, waya mbili zilizokatwa, ncha zimefungwa utepe mweusi, zimekunjwa vizuri kwa mkono wa mtu makini.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mashine hii iliingiliwa. Shahidi mwenyewe amekiri."

Mwenyekiti akamgeukia Azzan. "Ulimwamuru fundi wako azikate hizi waya?"

Azzan akavua miwani. Aliifuta kwa ncha ya kanzu, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Sikumbuki kutoa amri ya namna hiyo."

Waya zile Pius aliziweka ili siku moja zimwokoe mtu. Siku ile ziliokoa duka. Kama asingeziweka kabisa, kama angekiacha kitufe kitupu kilivyotoka kiwandani, pengine Hajira angeshinda kesi. Mwanasheria msichana alimweleza hivyo kwenye ngazi, bila hasira, na kwa sababu hakuwa na hasira, maneno yake yalimchoma zaidi.

Uamuzi ulitoka baada ya wiki kadhaa. Duka lilitimiza wajibu wake kwa kumpa mnunuzi maelekezo na onyo, na mnunuzi alikiri kwa maandishi. Kuhusu kuingiliwa kwa mashine, mlalamikaji alikuwa huru kumfungulia shauri fundi. Wale wa msaada wa kisheria wakamwambia Hajira haina maana kumshitaki mtu ambaye utajiri wake ni boksi la spana.

Pius alirudi Narung'ombe mara moja tu, kuchukua hilo boksi. Azzan alimfuata mpaka uani.

"Pius, ningefanyaje? Mashine mia mbili ziko mitaani. Nikiikubali moja, nimezikubali zote."

"Si ndiyo sababu ya kuikubali, bosi?" Pius alisema. "Kwamba ziko mia mbili?"

Azzan alionekana mzee. Pius angependa kumchukia na hakuweza, akainama kukusanya koleo na bisibisi zake.

Uani kulikuwa na mzigo mpya na fundi mpya, Godbless, kijana mwenye cheti cha chuo. Mashine zilikuwa zilezile, ila sasa kila moja ilibandikwa karatasi ya njano ya Kiswahili: HATARI, USIINGIZE MKONO. Juu ya maandishi kulichorwa kiganja na rola. Azzan alizichapisha mwenyewe, na alizibandika kwa mkono wake, moja moja, zikakaa sawasawa.

"Fungua kibati uangalie nyuma ya kitufe," Pius alimwambia Godbless kwa sauti ya chini.

Godbless akatazama huku na huku. "Nimekatazwa, mzee. Sharti la kwanza la kazi: nisifungue kitu chochote cha umeme. Wamesema ni kwa ajili ya usalama."

Ilimchukua Pius mwezi mzima kupata moyo wa kwenda kwa Hajira. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko la Mchikichini. Alimkuta kibarazani ameshikilia kopo la maziwa ya unga kati ya magoti, anajaribu kulifungua kwa mkono wa kushoto. Pius akabisha hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Dada Hajira, sijaja kuomba chochote. Nimekuja kukuambia tu. Siku ile uliponiuliza kitufe ni cha nini, nilikuwa najua."

"Najua ulijua."

Pius akainua macho.

"Uliangalia dukani kabla hujanijibu," Hajira alisema. "Nilikuona. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa kwetu, angekuwa na la kuniambia angeniambia." Akatazama kopo. "Nilijua kuna kitu, fundi. Nikacheka. Nami nilicheka."

Pius alitaka kusema kuwa kosa si lake, lakini aliona neno hilo halina kazi pale. Soko lilikuwa linapiga kelele nyuma ya ukuta.

"Mashine iko wapi?" Pius akauliza mwishoni.

"Nimeiuza. Ningeiweka ya nini? Amechukua mtu wa Buguruni."

"Ulimwambia kuhusu kitufe?"

Hajira akaligeuza kopo magotini. "Ningemwambia asingeinunua," alisema. Kisha akamsogezea kopo. "Nifungulie hiki, halafu uende."

Akalifungua. Akaenda.

Tangu siku hiyo Pius akawa anazunguka. Alikuwa akikumbuka wanunuzi wengi, maana ndiye aliyewaelekeza, na alianza na yule wa Buguruni. Hakumpata, aliambiwa amehama. Akaenda kwa wengine, Ilala, Gerezani, Jangwani, na boksi lake begani, akiwaeleza kuwa kitufe chao hakizimi na yeye atakiunga bure. Wengine walidhani ni mkaguzi wa manispaa anatafuta chochote, wakazifunika mashine kwa turubai. Wengine walidhani ni tapeli. Mama mmoja alimwambia mashine yake haijawahi kumsumbua hata siku moja, kwa nini aje kuichokoa. Kwenye vijiwe vya miwa wakaanza kumwita Mzee Kitufe, na alipotokea, vijana walibonyeza vile vitufe vyekundu na kucheka, *tak, tak*, rola zinazunguka.

Mtu mmoja tu alimkubalia, mzee Pantaleo, mwenye meza ya miwa karibu na Msimbazi. Alimpa kiti, akamwacha afungue kibati, akatazama kazi yote mpaka mwisho. Pius alipomaliza, walijaribu pamoja. Mzee alikipiga kitufe, rola zikasimama. "Aisee," alisema mzee Pantaleo, akampa mkono. Jioni ile Pius alimsimulia Scholastika habari hiyo mara mbili.

Baada ya wiki sita alikuwa anapita Msimbazi kupeleka feni ya mtu aliyoitengeneza, maana sasa anaishi kwa kutengeneza feni na pasi kibarazani kwake. Akaona ageuze njia amsalimu mzee. Foleni ilikuwa kubwa, mzee Pantaleo anasukuma miwa kwa haraka, vidole vyake vimeinama karibu kabisa na rola. Mwanamke mwenye mfuko mkubwa akapita akisukuma watu, mfuko ukakigonga kitufe, kikaingia ndani. Mashine haikusimama.

Pius akaitazama. Mzee akamwona, na uso wake ukabadilika.

"Nilimwita mtu akazitoa zile waya, fundi," alisema, huku mkono unaendelea kusukuma. "Ilikuwa inazimika kila saa, wateja wananikimbia. Usinichukulie vibaya."

"Sikuchukulii vibaya, mzee wangu."

"Nikukamulie? Hii ni ya kwangu, usilipe."

Pius alitaka kukataa, akashindwa. Akaitua feni chini, akasimama kwenye foleni pamoja na wengine. Zamu yake ilipofika, mzee alimkamulia muwa mmoja mrefu, akaweka na tangawizi, akampa glasi. Pius akainywa yote, akairudisha, akabeba feni ya watu, akaondoka.